Mjane Kwenye Treni ya Watalii

Mguu mmoja wa Godelive ulikuwa juu ya ngazi ya behewa, wa pili ukiwa bado kwenye mawe ya uwanja wa soko, mjini Bremen, Ujerumani. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na wako wasomaji waliolalamika kwamba mwanamke wa miaka arobaini na mbili hawezi kusimama hivyo siku saba. Wana haki. Basi tumpandishe.

Dereva wa treni alikuwa amevua kofia. Juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu lililopinda. Godelive alilijua kovu hilo vizuri, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelisafisha kwa maji ya chumvi, katika chumba chao cha kupanga Glenwood, Durban, mwaka ule walipoingia Afrika Kusini kutoka Burundi.

“Mama Lyse,” dereva alimwambia kwa Kirundi, kwa sauti ya utingo aliyechoka. “Panda. Nachelewesha watu.”

Huyo alikuwa Niyongabo, mume wake. Alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita.

Godelive akapanda. Baadaye watu walipomuuliza kwa nini hakupiga yowe, hakuzimia, wala hakumkunja shati, alijibu kwamba nyuma yake kwenye foleni walikuwepo wazee, mmoja wao na mkongojo, na hakutaka kuwasimamisha.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba, mwaka 2013, na ilikuwa siku ya mwisho ya safari. Kwaya ya watu kumi na wanne, Wakongomani wengi na Warundi wachache, ilikuwa imetoka Durban siku kumi nyuma kwa mwaliko wa parokia moja ya Bremen. Walikwisha kuimba kila mahali walipotakiwa kuimba. Kazi iliyobaki ilikuwa kuutazama mji tu. Mwenyeji wao, mama mmoja Mjerumani aitwaye Anke, alimgawia kila mtu karatasi ya ratiba: saa nne ukumbi wa mji, saa tano treni ya watalii, saa sita kanisa kuu, saa nane kahawa na keki, saa kumi kamili basi la uwanja wa ndege. Neno “kamili” lilipigiwa mstari mara mbili.

Saa tano kwaya nzima ilipanda treni hiyo. Dereva alikuwa amegeuzia uso dirishani muda wote, lakini sauti yake iliyotoka kwenye spika Godelive alidhani anaijua. Waliposhuka, aliwaacha wenzake waelekee kanisani, akarudi kupanga foleni upya, peke yake. Ndivyo alivyofikiri.

Treni yenyewe haikuwa na reli. Ilikuwa trekta iliyovishwa sura ya injini ya zamani, ikivuta mabehewa matatu yenye magurudumu ya mpira. Godelive alikaa benchi la kwanza, mgongoni mwa dereva. Kati yao palikuwa na kioo, na kwenye kioo kidirisha kidogo cha kusukuma. Niyongabo alikuwa amebandika kipaza sauti kwenye kola ya shati, macho yake mbele, mikono kwenye usukani.

Treni ikaondoka. Alieleza kwa Kijerumani, halafu kwa Kiingereza, kwamba kulia kwao ni ukumbi wa mji, wenye zaidi ya miaka mia sita. Kisha, bila kubadili sauti, akaendelea kwa Kirundi.

“Niliona picha yenu kwenye tangazo la parokia. Niliomba likizo siku zote kumi. Leo mwenzangu anaumwa jino, nikaitwa.”

Wazee wa Kijerumani walitikisa kichwa kwa heshima. Waliona kampuni imeongeza lugha.

Godelive alifungua kidirisha. Mambo aliyotaka kumwambia yalikuwa mengi kiasi kwamba yalibanana mlangoni, likapita moja tu. Alimuuliza alikuwa wapi.

Niyongabo alimsimulia, na alisimulia kwa mpangilio, kama mtu aliyeyasema hayo mara nyingi chooni mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 2001, kazi ya kulinda magari ilipomshinda, yeye na rafiki yake Pierre-Claver waliruka ukuta wa bandari ya Durban na kujificha ndani ya meli ya mizigo. Siku ya sita mabaharia waliwakuta. Hawakuwapiga. Waliwapa biskuti, wakawafungia mapipa matupu kwa kamba, wakawashusha baharini mbali na nchi kavu yoyote. Kushoto, wapendwa abiria, ni mto Weser. Siku ya pili juu ya mapipa, Pierre-Claver alizidiwa. “Nilimshika mkono mpaka ukaniponyoka,” alisema Niyongabo. Meli nyingine ilimwokota yeye na kumfikisha bandari ya Bremerhaven, Ujerumani.

Makaratasi yake mwenyewe yalikuwa yameyeyuka kwa maji. Ila alikuwa amevaa koti la Pierre-Claver, na mfukoni mlikuwa na kibali cha ukimbizi cha Pierre-Claver, kimefungwa ndani ya plastiki. Polisi walikisoma, wakamwita kwa jina hilo. Aliitika.

“Ndivyo nilivyo mpaka leo,” alisema. “Mke wangu wa hapa ananiita Pierre. Watoto wawili wana jina la Pierre-Claver.”

Msomaji aliyeanza nasi leo lazima aelezwe jambo moja, la sivyo hataelewa maneno ya Godelive yaliyofuata. Pierre-Claver naye alikuwa na mke. Jina lake Blandina. Blandina huuza makava ya simu mlangoni mwa jengo lile lile la katikati ya Durban ambamo Godelive ana saluni yake, ghorofa ya kwanza, karibu na robot ya kona, ndivyo waitavyo taa za barabarani kule. Blandina alikuwa soprano wa kwaya. Blandina alikuwa hapa Bremen.

Mwaka ule wa 2001 habari zilifika Durban kwamba wawili walitupwa baharini na mmoja aliokolewa, na kwenye orodha ya waliookolewa aliandikwa Pierre-Claver. Kwa hiyo Godelive alinyoa nywele, akakaa matanga. Blandina alipika chakula cha matanga hayo, siku nane mfululizo, akaosha na sufuria. Hakuthubutu kufurahi mbele ya mwenzake. Na kila Noeli, tangu mwaka huo, Blandina alipata kadi kutoka Ujerumani yenye maneno machache: niko mzima, usiulize mengi, Mungu akulinde, Pierre-Claver. Kwa ajili ya kadi hizo alimkatalia fundi cherehani Ildephonse mara mbili, na mara ya pili Ildephonse alikuwa amekuja na shangazi zake.

“Zile kadi,” alisema Godelive.

“Mimi.”

“Kwa nini?”

Niyongabo alipiga honi kwa mwendesha baiskeli. “Nilikuwa nakula jina lake. Sikuona vizuri mke wake akose hata salamu.”

Godelive alimuuliza, polepole, kama anavyomuuliza mteja ambaye hataki kukatwa nywele zilizoungua, iwapo katika miaka kumi na miwili ya kununua stempu hakuwahi kumkumbuka na mke wake mwenyewe.

“Wewe ulikuwa mjane,” alisema Niyongabo. “Wafu hawaandiki.”

Godelive alifunga kidirisha. Treni ikapita barabara mbili. Kisha akakifungua tena, maana alikuwa bado na shida naye.

Shida ilikuwa hii. Jumamosi ya wiki mbili zijazo alikuwa aolewe kanisani, Durban, na Athanase, Mkongomani mpole anayetengeneza simu. Kila mahali alikuwa ameandikisha kwamba ni mjane. Tangu saa tano asubuhi hakuwa mjane tena, na hakuwa tayari kusimama mbele ya altare na uongo huo mdomoni. Alitaka karatasi. Niyongabo aandike kwamba yu hai, kwamba alimwacha mke wake, na atie saini, ili wakubwa wa kanisa na wa serikali wajue pa kuanzia.

Niyongabo alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alimweleza kwamba Niyongabo hana kitambulisho katika nchi hii, na siku Niyongabo atakapotia saini, Pierre-Claver atafukuzwa Ujerumani na watoto wake watabaki wakiuliza. Akampa shauri ambalo yeye aliliona la busara.

“Nenda kaolewe. Mimi nimekufa, sitakusumbua. Na Blandina ataendelea kupata kadi zake.”

Kulia kulikuwa na kinu cha upepo cha zamani chenye maua chini yake. Alikieleza kwa lugha mbili. Halafu akauliza kitu ambacho Godelive alikuwa amekingoja tangu kituo cha kwanza, na kila dakika kilipochelewa alizidi kukichukia.

“Lyse ana miaka mingapi sasa?”

“Hesabu,” alimwambia Godelive.

Akahesabu mpaka kwenye taa za barabarani. “Kumi na mitano.”

“Kumi na sita. Mwezi uliopita.”

Treni iliingia tena uwanja wa soko na kusimama pale pale ilipoanzia. Godelive aliteremka na kushika nguzo. Alikuwa anapanga namna ya kumwambia Blandina, na kama amwambie leo, au ndani ya ndege, au asimwambie kabisa. Kumwambia ni kumuua mtu mara moja. Kunyamaza ni kumwacha amsubiri maiti hadi uzeeni. Alikuwa amefika hapo alipoinua macho.

Kwenye behewa la tatu, benchi la mwisho, alikaa Blandina. Mkoba mapajani, baji ya kwaya kifuani.

Hakuwa ameshuka pamoja na kwaya. Miguu ilikuwa imemvimba, kanisa kuu lilikuwa na ngazi nyingi, akaona apumzike kwa kuzunguka mara ya pili. Majibu ya Godelive kupitia kidirisha hakuyasikia. Ya Niyongabo aliyasikia yote. Spika za mabehewa yote matatu zilikuwa nzima, na Blandina ni Mrundi kama wao.

Godelive alimfuata, akasimama mbele yake. “Blandina,” alimwita.

“Saa nane kuna keki,” alisema Blandina. “Twende, tusichelewe.”

Walikwenda. Kwaya ilijaa meza mbili ndefu katika duka la kahawa. Blandina alikula kipande chake cha keki, akakimaliza. Kisha akavuta sahani ya Godelive, akala na cha Godelive. Barthélemy, mwalimu wa kwaya, mwanamume mwenye huruma kwa kila mtu asiyekula, aliinama juu yao.

“Mama Godelive, weye uko na homa? Gâteau hujagusa.”

Godelive alijibu kwamba ni uchovu. Simu yake ilishika mtandao wa duka, ikalia. Alikuwa Athanase, kutoka Durban, na picha ya tai mbili, ya buluu na nyekundu, zimelazwa kitandani. Chini aliandika: “Chérie, ile cravate, ya bleu ao ya rouge?”

Alikuwa bado anaitazama picha hiyo Blandina alipofuta mdomo, akakunja kitambaa, akasimama.

“Treni ya saa tisa ni yake?” aliuliza.

“Nitakuja na wewe.”

“Hapana. Wewe ulishakuwa na zamu yako. Nipe kalamu.”

Godelive alimsindikiza hadi uwanjani, akamwona akipita mabehewa yote, akafungua mlango wa dereva mwenyewe, na kukaa kiti cha pembeni ambacho kimeandikwa kwa Kijerumani kwamba abiria haruhusiwi. Niyongabo alimtazama. Aliutambua uso huo, ilionekana kwa jinsi mabega yake yalivyoshuka. Alipeleka mkono kwenye kola, safari hii akazima kipaza sauti. Watalii wa saa tisa waliuzunguka mji wa Bremen bila maelezo yoyote.

Mzunguko mmoja ulichukua dakika arobaini. Godelive alisubiri kwenye benchi, manyunyu yakianza. Saa tisa na nusu Anke alipita akihesabu watu wake. Walikuwa kumi na watatu. Akahesabu tena kuanzia upande mwingine, wakabaki kumi na watatu. Alimuuliza Godelive kwa Kiingereza Blandina yuko wapi, na Godelive alimwambia ukweli, kwamba yuko kwenye treni ya watalii. Anke alisema ni vizuri mtu anapoupenda mji hivyo, akatazama saa.

Ndipo Godelive alipomwomba simu. Anke alimpa bila kuuliza anampigia nani.

Athanase alipokea haraka. Alikuwa dukani, nyuma yake mtu alikuwa anabishana kuhusu kioo cha simu kilichopasuka. Godelive alikuwa ametayarisha maneno ya utangulizi. Yalimtoka yote kichwani.

“Niyongabo yuko mzima,” alisema. “Nimeongea naye. Anaendesha treni.”

Ubishi wa kioo uliendelea kule Durban kwa muda. Kisha Athanase akafunga mlango.

“Treni ya wapi?”

“Ya watalii.”

Athanase alipumua. Godelive aliona hilo peke yake ni jibu, akajitayarisha kwa yatakayofuata. Katika maisha yake mwanamume mmoja alikuwa ameondoka bila kuaga, na alidhani anajua sauti inavyokuwa kabla ya hapo.

“Bon,” alisema Athanase. “Cravate naweka pembeni kwanza. Lakini kesho airport nitakuja. Ile siweki pembeni.”

Akamuuliza kama amekula. Godelive alisema hapana. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hakulia sana, maana simu ilikuwa ya watu.

Saa kumi kasoro dakika kumi treni iliingia uwanjani ikiwa imechelewa. Blandina alishuka upande wa mbele. Niyongabo hakushuka. Hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono miwili wakati treni yenyewe imesimama, na hivyo ndivyo Godelive alivyomwona mara ya mwisho: mgongo wa shati, na shingo iliyoanza mvi.

“Basi liko wapi?” aliuliza Blandina.

Waliingia wa mwisho, wakakaa viti vya nyuma. Anke alihesabu kumi na wanne. Mlango ukafungwa saa kumi kamili.

Blandina alifungua mkoba na kumpa Godelive karatasi ya ratiba. Nyuma yake kulikuwa na mistari minne ya mkono. Mimi Niyongabo, wa Burundi, ni mzima. Nilimwacha mke wangu Godelive mwaka 2001 na sikumwandikia. Hana kosa. Saini, tarehe.

Godelive aliisoma mara tatu. Alimuuliza mwenzake amemfanyaje.

“Nimemwambia kadi kumi na mbili ziko ndani ya sanduku langu, Glenwood, na mwandiko wote ni wake. Nikamuuliza kama polisi wa hapa wanajua kusoma.” Blandina aliweka mkoba vizuri. “Alisaini kwenye taa nyekundu.”

Godelive alimshika mkono. Alimwambia pole, kwa kumpoteza mume kwenye spika, siku ya mwisho, kati ya watu wasiomjua. Alisema alikuwa anatafuta namna ya kumwambia. Blandina alimwachia mkono wake ushikwe, lakini aliangalia mbele.

“Usinipe pole. Nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Tangu kadi ya kwanza. Pierre-Claver hakujua kuandika.”

Basi lilivuka daraja. Barthélemy, kule mbele, alianza kuwaomba watu waimbe kidogo kumshukuru Anke.

Blandina aliendelea kwa sauti ile ile. Pale Glenwood, Niyongabo ndiye aliyekuwa katibu wa Warundi wote. Ndiye aliyewajazia fomu za ukimbizi, akawaandikia barua za nyumbani. Mwandiko wake kila mtu aliujua, ndiyo maana kadi hizo Blandina alimsomea Godelive tu, hakumwonyesha. Noeli ya 2001 Blandina alipofungua bahasha, alijua papo hapo kwamba aliye hai ni Niyongabo na aliyekufa ni wake. Kule ghorofani, saluni, Godelive alikuwa bado na kichwa kilichonyolewa.

“Nilitaka kukuambia,” alisema. “Kila asubuhi ulipopita mlangoni kwangu kufungua saluni. Lakini mmoja wetu lazima awe mjane, Godelive. Na wewe ulikuwa umeshazoea.”

Godelive aliutoa mkono wake polepole. Alikumbuka siku nane za chakula cha matanga, na wali, na maharage, na sufuria zilizooshwa. Alikumbuka miaka ambayo yeye ndiye alikuwa akimfariji Blandina kadi ilipochelewa. Hakujua aanzie wapi kumchukia, na basi lilikuwa dogo. Wakakaa bega kwa bega wakati kwaya ikiimba mashairi mawili na kiitikio.

Walipomaliza, Godelive aliuliza jambo ambalo lilikuwa bado halijakaa sawa. Kama alijua yote hayo, alikuja Bremen kufanya nini? Alipanda ile treni ya saa tisa kwa nini?

“Kumuuliza kama alimwona akifa.”

“Ameniambia alimshika mkono mpaka ukamponyoka.”

“Wewe amekuambia hivyo. Mimi nilimwuliza mara mbili.” Blandina alivuta mkoba karibu. “Hakumwona. Meli ilipomwokota, Pierre-Claver alikuwa bado anaita, kwa mbali. Mabaharia walimuuliza kama yuko mtu mwingine. Akasema hapana. Alikuwa anaogopa wasije wakakasirika na kuwarudisha wote wawili majini.”

Akaingiza mkono tena ndani ya mkoba, kwenye mfuko wa ndani wenye zipu, akatoa kadi ya posta.

Alieleza kwamba ilifika mwezi uliopita, kanisani. Haikuwa na neno hata moja. Mahali pa ujumbe palichorwa kuku, kwa kalamu, kuku mwenye miguu mitatu. Pierre-Claver, kwa kuwa hakujua kuandika, alikuwa akitia saini hivyo kwenye kila karatasi aliyopewa katika maisha yake, na maofisa wa Durban walimcheka kwa hilo. Niyongabo hakuwahi kumchora kuku huyo. Anwani ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, kwa herufi za kike.

“Tazama stempu,” alisema Blandina.

Ilikuwa ya Afrika Kusini. Mhuri ulisema Durban.

Godelive aliigeuza kadi. Ilikuwa ile ya kawaida wanayouza ufukweni, picha ya South Beach, maghorofa marefu yamejipanga yakitazama bahari. Blandina alisema aliiangalia wiki nne na hakuona cha maana upande huo, ni majengo tu. Lakini Blandina anaishi Glenwood. Godelive anaishi South Beach. Kwenye jengo la nne kutoka kushoto, ghorofa ya tisa, mtu alikuwa amezungushia dirisha moja kwa kalamu, duara dogo, safi.

Lilikuwa dirisha la jikoni kwake.

Aliinuka kabla hajajua anainuka. Alipita katikati ya kwaya hadi mbele akamwomba Anke simu kwa mara ya pili. Majira hayo saa za Bremen na za Durban ni sawasawa. Lyse alikuwa ameshatoka shule. Usiku analala kwa jirani, Mama Kidawa, lakini mchana hurudi nyumbani kusoma, peke yake. Na mpaka Godelive ashuke Durban zilikuwa zimebaki ndege tatu na usiku mzima.

Simu iliita mara sita.

“Allo?” Ni Lyse, mdomo umejaa kitu. Godelive alimuuliza kama yuko salama, kama mlango umefungwa.

“Niko sawa, mama. Mlango nilifungua, iko mgeni. Mzee mmoja Mrundi, anasema anawajua ninyi wa zamani. Niko namchemshia chai.”

“Lyse. Anataka nini?”

“Anamwulizia papa Niyongabo. Nimemwambia papa alikufa baharini, kitambo.” Kijiko kiligonga kikombe. “Anasema hapana, mama. Anasema aliyekufa ni yeye mwenyewe.”